Gunia ya Mwisho Sikuibeba

Gunia imefika. Tanboi wa lori aliishusha hapa kwa geti Jumanne baada ya chakula ya mchana, akaangalia gunia, akaniangalia mimi, akasema, "Mzee, pole," halafu lori ikaondoka. Asanteni, vijana wa stoo. Lakini kwa ile karatasi mlifunga na kamba kuna swali: kwa nini Mzee Barasa alikataa kubeba gunia yake ya mwisho, na kwa nini alipanda mbao ya lori mikono mitupu akitembea kama kinyonga amepoteza njia. Nitawajibu. Siku hizi kitu niko nayo nyingi ni wakati. Magoti iliisha, wakati ndio ulibaki.

Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu, na hiyo la tatu nilikuwa nakaa karibu na mlango, kwa hivyo naandika venye naongea. Mkipata uongo hapa na pale, hiyo ni chumvi tu. Kuleni.

Nilitoka hapa Tongaren nikiwa kijana wa shingo kama ya ng'ombe dume. Nyapara wa stoo wakati huo alikuwa mtu mfupi sana, lakini sauti yake ukiisikia ukiwa Kachibora unapisha njia ukidhani ni lori. Hakuniuliza karatasi. Alizunguka nyuma yangu, akaangalia shingo, akasema, "Anza."

Wakati huo gunia ilikuwa kilo tisini. Nyinyi mnabeba hizi za hamsini, mnarudi kwa simu zenu mnalia. Ile ya kwanza kuwekwa kichwani, haki nawaambia, niliona babu yangu. Babu alikufa kabla nizaliwe. Akaniuliza, "We ni wa nani?" na nikakosa pumzi ya kumjibu.

Mwenye alinifundisha kazi ni Ekai. Nyinyi mlimkuta akiwa mzee. Mimi nilimkuta akiwa Mturkana mrefu mpaka akisimama nje ya stoo Kitale anajua kama kunanyesha Lodwar. Alinifundisha kukunja gunia tupu iwe kama kofia, ifunike kichwa mpaka mgongo, mahindi isikuchune ngozi. Akaniambia, "Gunia haibebwi na mgongo. Mgongo ni wa kulalia. Gunia inabebwa na mapaja, shingo inasema tu iende wapi."

Halafu akanifundisha mbao. Mbao ya kupandia lori inaruka, mnaijua. Ukikanyaga inashuka, halafu inarudi juu, na ukikanyaga tena wakati inapanda, inakutupa. Lazima ungoje ishuke, uende nayo. Ekai alikuwa anasema mbao ni kama mama mkwe, usimuingilie akiongea. Nilichukua mwezi mzima kuelewa mbao. Mama mkwe bado.

Habari ya mshahara na cheo sitaandika. Kwa stoo yetu kitu ya kupandishwa ilikuwa gunia.

Karani Simiyu alikuja nikiwa na watoto wanne tayari. Alikuwa mtu wa Mabanga, kule Bungoma, mwembamba, mpole, mwenye miwani. Alikuwa amepelekwa Japani miezi sita kusomea venye mahindi inawekwa wadudu wasiingie. Alirudi na shati mbili, radio, na tabia. Tabia yenyewe ni hii: kila asubuhi, kabla kazi ianze, anachukua gunia tupu, anaikunja mara nne, anakaa juu yake miguu ikiwa imekunjwa, uso kwa ukuta wa magunia, karibu tu hivi. Haongei. Hasomi. Nusu saa.

Ekai akasema, "Huyu aliibiwa kitu huko Japani." Wengine walisema ati anaabudu mahindi. Lakini Jumapili huyo huyo ako kanisani mstari wa mbele akiimba ile sauti ya chini kabisa, sasa tukashindwa kumweka wapi. Siku moja nikamuuliza.

"Karani, unaomba nini hapo?"

"Siombi. Nakaa."

"Si hata mimi nakaa."

"Wewe hukai, Barasa. Wewe unaanguka polepole ukiwa kwa kiti."

Tulicheka, nikaenda zangu. Sikujua nitarudi.

Mwaka huo mvua ilikataa kuenda. Matope ikapanda na viatu zetu mpaka kwa mbao, mbao ikawa kama imepakwa mafuta. Nilikuwa katikati, kilo tisini kichwani, mguu ya kulia ikaenda Kitale na ya kushoto ikaenda Bungoma. Gunia ilifika chini kwanza, halafu mimi, halafu gunia ikakumbuka imesahau kitu, ikarudi kunilalia mguu.

Nilikaa nyumbani miezi mitatu. Mfupa ikashikana vizuri, daktari akaruhusu, nikarudi. Nikaweka mguu moja kwa mbao, na mwili yote ikaanza kutetemeka kama mashine ya kusaga. Nikashuka. Nikajaribu tena. Mguu ilikuwa imepona. Mimi ndio nilikuwa sijapona.

Mtu wa kubeba mwenye hapandi mbao ni kama jogoo wa kutaga. Nyapara alinihurumia, akaniweka mlangoni nihesabu gunia zikiingia, kazi ya wazee na wagonjwa. Ekai akipita na gunia ananiuliza, "Mama, chai imeiva?" Nilicheka naye, lakini nikirudi mahali nilikuwa nalala nilikuwa naangalia miguu yangu kama miguu ya mtu mwingine. Nilikuwa na watoto wanne na kichwa haina kitu ya shule ndani. Shingo ndiyo ilikuwa cheti yangu.

Ndio nikaenda kwa Karani asubuhi moja nikamwambia, "Nifundishe hiyo maneno ya ukuta."

Akanikunjia gunia. Miguu yangu ilikataa kukunjika venye yake inakunjika, kwa hivyo akaniweka tofali mbili chini ya matako. Akaniambia inaitwa Zen. Ati kule Japani, mzee mwenye alikuwa anamlaza kwake alimpeleka kwa nyumba watu wanakaa hivyo, na si uganga wala si dini ya kuacha kanisa. Mimi nilisikia Zen kama jina ya sabuni ya kufulia.

"Nyoosha mgongo. Macho usifunge, weka nusu. Pumua, ukitoa pumzi hesabu moja. Ukitoa tena, mbili. Mpaka kumi."

"Na nikifika kumi napewa nini?"

"Unarudi moja."

"Karani, hiyo ni kama kazi yetu tu."

"Sasa umeanza kuelewa," akasema, na hakuwa anacheka.

Siku ya kwanza nilifika tatu. Kwa tatu nikakumbuka ng'ombe yangu imelegeza kamba. Nikarudi moja. Kwa mbili nikakumbuka mguu. Nikarudi moja. Kwa hiyo moja nikalala, nikagonga steki ya magunia na paji ya uso, na panya tatu wakatoka kuona ni nani. Lakini niliendelea. Baada ya wiki mbili tatu nilikuwa naenda moja mpaka kumi, narudi, naenda, narudi, na kifua inatulia kama maji kwa ndoo.

Hapo ndio nilifanya ile makosa. Mmesikia wazee wakiitaja, lakini hamjawahi kuisikia kwa mwenyewe.

Lori ilikuja kutoka Kachibora, imejaa mpaka inapumua na mdomo. Mimi niko mlangoni, nimenyoosha mgongo, macho nusu, nahesabu. Gunia inaingia, moja. Gunia inaingia, mbili. Nilikuwa nimetulia siku hiyo kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Lori ikaisha. Nyapara akaja na kitabu yake.

"Barasa, zimeingia ngapi?"

"Kumi."

"Kumi na ngapi?"

"Kumi tu."

"Lori yote?"

"Kumi," nikasema, na hapo ndio nikajisikia, "halafu moja tena."

Nyapara alinyamaza. Huyo mtu hajawahi kunyamaza tangu azaliwe, hata njiwa wa kwa paa walishtuka. Na mbaya zaidi, hizo gunia zilikuwa zimepangwa na zile za zamani, hakuna kujua gani ni gani mpaka steki yote ihesabiwe upya. Watu walikuwa wamechoka, wanataka kuenda nyumbani, na ikabidi waanze kushusha. Kila mara Ekai akipita mbele yangu na gunia kichwani anauliza kwa heshima kabisa, "Bwana Barasa, hii ni ya ngapi? Ni moja?" Alipita mara mia mbili. Haya, mara thelathini.

Steki ikiisha, nyapara akanikujia. Hakupaza sauti. "Ijumaa," akasema. "Upande mbao na gunia kama mwanaume wa kazi, ama ushike barabara ya Tongaren na usirudi."

Ilikuwa Jumatatu.

Karani alinikuta nyuma ya stoo. "Hiyo makosa ni yangu," akasema.

"Ni yako kabisa."

"Nilikufundisha kukaa. Nilisahau wewe ni mtu wa kutembea." Akavuta mbao ya zamani, akailaza kwa sakafu, chini kabisa. "Tembea hapa. Bila gunia."

Mbao ya kulala sakafuni, hata mtoto wa mwaka moja anapita akikula ndizi. Nikaweka mguu, na kutetemeka kukaanza.

"Polepole," Karani akasema. "Kisigino. Unyayo. Vidole. Sasa pumua. Sasa ule mguu mwingine."

"Karani, mimi natembea tangu nikiwa mdogo."

"Hujawahi. Umekuwa ukisukumwa na gunia."

Nilikasirika, lakini alikuwa ameona kitu. Ukibeba, gunia inakukandamiza chini, inakushika kama mkono wa baba, wewe unafuata tu. Bila gunia hakuna kitu inakushika. Ni wewe na mbao na ile siku ulianguka. Nilitembea hiyo mbao jioni hiyo mpaka giza ikaingia, mara nne tu kuenda na kurudi, na nikatoka jasho kuliko kushusha lori.

Jumanne akaiinua na tofali moja kila upande. Jumatano tofali tatu. Watu wakaanza kukuja kuona. Ekai alikuwa anatafuna miwa, akauliza, "Hii ni mazishi ya nani, mbona mnatembea hivi?" Nikamwambia aje ajaribu. Ekai, mwenye alikuwa anakimbia kwa mbao na kilo tisini kichwani akiimba, tukamrudishia tofali moja tu, akaenda hatua tatu polepole venye Karani alisema, kisigino, unyayo, vidole, akaanguka na miwa yake. Akakaa chini akiangalia hiyo mbao. "Hii mbao iko na kitu," akasema. Karani akamwambia, "Haina. Ndio shida."

Ijumaa wakanipakia gunia. Lori ilikuwa ya kuenda Bungoma. Nyapara amesimama kando, mikono nyuma. Nikaweka mguu kwa mbao, na kile kutetemeka kikaja, kilekile. Nyinyi mnataka niseme kiliisha. Hakikuisha. Nilikuwa nimengoja kiishe miezi yote hiyo ndio nipande, na siku hiyo sikungoja. Nilipanda nacho. Kisigino, unyayo, vidole, ngoja mbao ishuke, nenda nayo. Nikaweka gunia juu ya lori, nikashuka.

Nyapara akaangalia saa. "Umechelewa," akasema. "Ziko zingine zinangoja." Kwa kinywa ya huyo mtu, hiyo ilikuwa kama kupigiwa ngoma.

Tangu hapo sikuacha kukaa kwa ukuta. Msidhani nilikuwa mtakatifu. Siku nyingi nilikuwa nakaa tu kwa sababu nimechoka na hakuna mtu anaweza kukutuma ukiangalia ukuta. Mke wangu Nafula alinikuta nyumbani nimekaa hivyo, akasimama kwa mlango na ndoo. "Baba Nekesa, umekalia mayai?" Nikamwambia natafuta utulivu. Akasema utulivu iko kwa mto, nichukue ndoo niende nikaitafute huko. Nilienda. Nikatembea polepole na hiyo ndoo kichwani, haikumwagika tone. Ile siku moja tu alinisifu.

Miaka ikaenda. Karani akastaafu akarudi Mabanga. Nyapara yule mfupi akaenda, wengine wakakuja. Kuna kuchoka yenye ukilala inaisha, na kuna ile iliniingia mimi: unaamka na unaikuta imeamka kabla yako, imevaa viatu, inakungoja kwa mlango. Nilikuwa nikipanda kitanda nashika magoti na mikono, naiinua kama mizigo ya mtu mwingine.

Halafu Ekai akafika siku yake. Nyinyi wengine mlikuwa mmeingia, mliona. Desturi yetu mnaijua: mtu akimaliza miaka yake, vijana wanamchagulia gunia moja ya kilo tisini, ya zamani ile, anaipandisha kwa mbao mpaka juu ya lori, watu wote wakihesabu hatua kwa sauti. Akifika juu, gunia ni yake, na lori inampeleka nayo nyumbani. Ekai alifika juu. Tulipiga makofi mpaka njiwa wakahama. Lakini mimi nilikuwa chini ya mbao, karibu, na nilisikia kitu kwa mgongo yake ikilia ka! Alishuka akicheka, ameshika ubavu. Hajanyooka tena. Mtu mwenye alikuwa anaona Lodwar, sasa anaona viatu vyake.

Hakuna mtu aliongea hiyo maneno. Tuliendelea kusema venye alibeba kama simba.

Mwezi moja kabla siku yangu, nilienda Mabanga kumwona Karani. Presha ilikuwa imempiga, upande wa kushoto umekufa nusu. Nilimkuta nje, ameshika fimbo, anatoka kwa kiti kuenda kwa geti. Hiyo njia ni kama hatua kumi na tano. Nilikaa nikakunywa chai, nikamaliza, nikaongezwa, bado hajafika.

"Kisigino," nikamwambia kutoka kwa kiti.

"Nyamaza, Barasa. Unanipotezea hesabu."

Akarudi, akakaa, akapumua. Mdomo yake ilikuwa imevutwa kando kidogo, lakini maneno ilikuwa ileile.

"Nilikufundisha nikiwa sijui," akasema. "Mimi nilikuwa nabeba kalamu. Sasa huu mguu mmoja ni kilo tisini, na hakuna mahali pa kuutua."

"Unaubebaje?"

"Moja. Halafu moja tena." Akaniangalia. "Na wewe, gunia ya mwisho utaibeba?"

"Lazima. Ni desturi. Vijana watasema nini?"

"Kwa Ekai walisema nini?"

"Walisema simba."

"Na anatembea aje?"

Nilimshika mkono, tukaenda tena mpaka kwa geti, sisi wawili, na kama kuna mtu alipita barabarani siku hiyo alidhani tunatafuta shilingi imeanguka. Mimi nilikuwa nafikiria vile nitatembea kuenda choo yangu mwenyewe nikiwa na miaka ya Karani.

Sasa siku yenyewe mlikuwa hapo. Mlinichagulia gunia, na nawajua, mlichagua ile ya chini kabisa imekula unyevu, ilikuwa inakaribia kilo mia mbili. Mlipanga mistari mbili. Yule kijana wenu wa kofia nyekundu akasema, "Niaje mzee, tukupakie?" Na mimi nilikuwa nataka. Hiyo ndio sikuwaambia. Shingo yangu ilikuwa inawasha kwa kutaka. Nilitaka mhesabu, nilitaka njiwa wahame. Nilisimama hapo na nikajua ya kwamba naweza kuifikisha juu. Kushuka ndio sikujua.

Nikasema, "Leo naenda peke yangu," na mkacheka, mkadhani ni zile zangu.

Kwa hivyo mliona kinyonga. Mlianza kuhesabu hatua mkicheka, lakini hatua moja ilikuwa inachukua muda mpaka mkasahau ni ya ngapi. Hapo katikati, mahali nilianguka ile mwaka ya mvua, kile kutetemeka kikanirudia, baada ya miaka yote hiyo. Nikakisalimia. Nikapumua, nikangoja mbao ishuke. Huko juu ya lori nilikaa kidogo nikaangalia paa ya stoo kwa upande sijawahi kuwa na nafasi ya kuangalia. Iko na kutu. Mwambieni nyapara. Halafu nikashuka na miguu yangu, nikavuka barabara nayo, nikaenda nyumbani nayo, na gunia nikawaachia kwa mlango kwa sababu sikuifikisha juu, haikuwa yangu.

Na nyinyi mkaituma. Hiyo sikutarajia, na sitaandika venye nilisikia, mtanicheka.

Sasa hapo Jumanne lori ikiwa imeenda, Nafula alitoka, akasimama upande ule wa gunia, mimi upande huu. Haya, ina kilo tisini, kutoka geti mpaka jikoni ni kama hatua arobaini, na kwa boma hii hakuna shingo. Akasema aite vijana wa jirani. Nikamwambia angoje. Nikakata kamba kwa mdomo ya gunia, nikachukua gorogoro, ule mkebe wa kilo mbili, nikaijaza, nikaibeba na mikono mbili mpaka jikoni, nikamwaga kwa debe, nikarudi. Kisigino, unyayo, vidole. Kuku wakanifuata kwenda na kurudi. Jua ikazunguka ng'ambo ya nyumba nikiwa bado natembea, na Nafula amekaa kwa stuli anatoa maganda ya maharagwe, ananiangalia nikipita.

Ile gunia ikilala chini imekuwa kitambaa, akaniuliza, "Baba Nekesa, umepeleka gorogoro ngapi?"

"Kumi," nikamwambia.